Pini Saba Mdomoni

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na tangu nimjue sijawahi kumwona akifanya kazi bila pini mdomoni. Ni saba daima. Ukimuuliza kwa nini saba, anakwambia nane zinachoma na sita hazitoshi pindo la gauni. Kwa sababu hiyo chumba chake cha uani, chenye cherehani mbili na kioo kilichopasuka pembeni, kina lugha yake. "Mm" maana yake ndiyo. "Mm-mm" maana yake hapana, geuka huku. Kuna "Mm?" ya kuuliza kama nguo inabana kwapani. Halafu kuna nyingine, adimu, ambayo mteja akiisikia anaelewa kwamba aliyemshonea nguo ile mara ya kwanza alistahili kushitakiwa. Hiyo huanzia puani, hushuka kifuani taratibu, kisha hukatika ghafla, kama mtu aliyefunua sufuria akakuta kitu ndani.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyowatia homa watu wa rika la wazazi wangu, nchi nzima, kwa miaka ishirini na saba. Wengi wao hadi leo hawajui ilitoka kinywani mwa nani. Mama yangu alikuwa anajua, akakataa kujua, na hapo ndipo ugomvi ulipo.

Filamu yenyewe iliitwa *Bibi Hajaridhika*. Familia inarithi nyumba ya bibi yao, inahamia na masanduku yake na uvivu wake, na bibi mwenyewe kafa lakini hajaondoka. Wakiacha vyombo bila kuosha, anatokea nyuma ya mlango. Hana meno marefu, hana damu, hatoi moshi. Amejifunika pazia jeupe usoni, anaangalia sinki, anasema "Mmh." Basi. Watoto walikuwa wanajikojolea kwa hofu na wazazi wao kwa kicheko, kwa hiyo viti vya ukumbi vilikuwa vinaanikwa juani kila Jumatatu. Mwaka ule, nimeambiwa, hakuna mtoto aliyelala bila kuosha sahani yake.

Mwongozaji wa filamu ile alikuwa na kamera moja, nyumba aliyoazima kwa wakwe zake, na Shangazi kama fundi wa mavazi. Mwigizaji aliyepewa nafasi ya mzimu alipogundua siku ya kwanza kwamba uso wake utafunikwa mwanzo hadi mwisho, alisema Mungu hakumpa sura ile ili ivishwe pazia, akachukua mkoba wake akaondoka. Gauni la mzimu lilikuwa halijaisha. Shangazi alikuwa amelivaa yeye mwenyewe ili aone pindo linavyoanguka, kwa sababu kimo chake na cha yule dada kilikuwa kimoja. Mwongozaji akamwona, akamtupia pazia kichwani, akasema, "Simama hapo hapo, usitikisike."

Angetikisikaje? Na angesema nini? Mdomoni zilikuwamo pini saba.

Kamera ikawashwa. Mwigizaji mkuu, ambaye hakuambiwa mzimu umebadilishwa, akaingia jikoni akila kuku, akajifuta mafuta kwenye shati. Shati lile Shangazi alikuwa amelipiga pasi alfajiri, kola mara mbili. Nyuma ya mlango ikatoka "Mmh." Yule bwana alikuwa anasubiri maneno ya kurasa mbili kutoka kwa mzimu, ndivyo alivyosoma. Alitupa sahani, akatoka mbio kwelikweli, na kamera ikamfuata mpaka getini. Mwongozaji alichana kurasa zile mbili papo hapo. Filamu yote iliyobaki ilipigwa kwa pini saba.

Mwisho wa filamu, yalipotoka majina, yule mwongozaji akajifanya mjanja. Akaandika: *Bibi: Yeye Mwenyewe*. Watu walilipenda sana lile. Shangazi hakulipenda. Kwenye orodha nzima hakuwepo, wala kwa uigizaji wala kwa ushonaji, na mwongozaji muda si mrefu akahamia ng'ambo kwa watoto wake.

Sasa Mama. Mama ni mke wa kaka yake Shangazi, kwa hiyo wale wawili ni mawifi, na mwenye kujua mambo ya mawifi hahitaji maelezo zaidi. Mama aliiona *Bibi Hajaridhika* ukumbini wiki ya kwanza, akiwa na mimba yangu ya miezi saba. "Mmh" ya pili ilipotoka aliinuka na tumbo lake, akapanda ngazi mbili mbili, akatokea barabarani na kiatu kimoja. Cha pili hakikuonekana tena. Mjukuu wa jirani aliyekuwepo siku ile bado anahadithia, ingawa sasa ana kipara.

Shangazi alipokuja kumwambia kwa furaha, "Wifi, yule Bibi ni mimi," Mama alimtazama juu mpaka chini. Kukimbizwa na mzimu si aibu, mzimu ni mzimu. Lakini kukimbizwa na wifi yako! Tena wifi aliyesimama na gauni ambalo halijapindwa! Mama aliamua pale pale kwamba si kweli, na Mama akishaamua kitu huwezi kumng'oa hata kwa trekta.

"Mmh hata mbuzi anaweza," alisema.

Hakuyabadilisha maneno yale kwa miaka ishirini na saba. Baba, ambaye ni kaka mtu na ndiye aliyempeleka Shangazi kwa baiskeli siku zote za kazi ile, angeweza kuimaliza kesi kwa sentensi moja. Lakini Baba anajua anakolala. Akiulizwa anasema hakumbuki vizuri, kisha anatoka nje kwenda kuangalia kama bomba limefungwa. Bomba letu, nawaapia, ndilo linaloangaliwa kuliko mabomba yote duniani.

Msidhani Shangazi alikuwa na njaa ya umaarufu. Mteja akimsimulia filamu ile huku anapimwa, alikuwa anaitikia "Mm" tu na kuendelea na chaki. Alitaka mtu mmoja akubali, na mtu huyo ndiye aliyekataa. Nilimwona mara nyingi akimaliza kumshonea Mama gauni, bure, mishono ya ndani imefunikwa vizuri kuliko ya nje, anamkabidhi na kusubiri kidogo. Mama anashukuru gauni. Lile lingine halitaji.

Basi mwaka jana ikatangazwa kwamba *Bibi Hajaridhika* inatengenezwa upya. Mabango yalibandikwa mpaka kwenye kuta zilizoandikwa usibandike. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ile ilitembezwa mpaka ikachoka miguu. Waigizaji lakini, tusiseme uongo, walikuwa vigogo. Alikuwepo yule mama wa tuzo, ambaye akilia kwenye skrini hata mwanamume aliyezika ndugu watatu bila chozi anatafuta leso. Alikuwepo mchekeshaji ambaye akisoma maelekezo ya dawa ya kikohozi watu wanashika mbavu. Alikuwepo mwimbaji ambaye sauti yake imefungisha ndoa zaidi ya masheikh na mapadri. Hata paka wa filamu ile, tuliambiwa, alikuwa amesomea.

Mtayarishaji alimpata Shangazi kupitia mpiga picha wa filamu ya kwanza. Alikuwa kijana nadhifu anayenukia vizuri, akakaa kwenye kigoda cha wateja, magoti yakimfika kidevuni.

"Mama," alisema, "tuna kila kitu. Kilichobaki ni ile sauti. Njoo studio utupe ile sauti, na jina lako litakaa peke yake kwenye skrini. Sekunde tatu nzima."

Shangazi alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kola. Nilikuwepo, nimeenda kupunguziwa suruali.

Siku hiyo hiyo alikuja kwetu akaeleza yote. Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Wanatafuta fundi wa nguo hao," alisema. "Usijitie presha bure."

"Wifi, wamesema wataweka jina."

"Sawa. Siku nikiliona jina lako pale, kwa macho yangu haya mawili, nitasimama nitamke mbele ya watu kwamba ni wewe. Mbele ya ukumbi mzima. Ila nisipoliona, tusisikie tena habari za Bibi kwenye nyumba hii. Mavi ya kale hayanuki."

"Tumekubaliana," Shangazi akasema. Baba alienda kuangalia bomba.

Studio nilimsindikiza mimi. Walimweka kwenye kiti laini kinachozunguka, wakampa juisi ya baridi yenye kipande cha limau pembeni, wakamuuliza kama feni inampuliza sana. Yule mama wa tuzo mwenyewe alikuja, akapiga goti kumsalimia, akasema alipokuwa mdogo alikuwa analala chini ya kitanda kwa ajili yake. Hakuna mtu aliyewahi kumsalimia Shangazi hivyo. Uso ulimng'aa kama bibi harusi.

Na hapo ndipo kazi ilipoharibika. Shangazi alisogea kwenye maikrofoni, akavuta pumzi, ikatoka "Mm." Ya ndiyo. Ya mtu aliyeulizwa kama chai imekolea sukari.

"Nipeni pini," alisema.

Mtayarishaji akasema bima ya studio hairuhusu vitu vyenye ncha mdomoni. Wakampa kijiti cha plastiki. Akajaribu tena. "Mm." Fundi sauti akamwomba afikirie kitu kinachomuudhi. Akafikiria Mama, lakini, alivyoniambia baadaye, wifi yake anamuudhi kwa mazoea, hasira haimpandi tena kifuani. Wakamletea vikombe vichafu, akavitazama kwa upole akauliza sabuni iko wapi. Mtayarishaji, masikini, akajaribu kumtukana, akamwambia ushonaji wake ni wa kizamani.

"Kweli mwanangu," Shangazi akajibu, "siku hizi kuna mashine nzuri sana."

Masaa matatu. Tatizo lilikuwa wazi hata kwangu: Bibi alikuwa ameridhika. Miaka ishirini na saba hajaridhika bila kuulizwa, na siku anayoulizwa wanamkalisha kwenye kiti laini. Walimsindikiza mpaka mlangoni wakimshukuru, wakasema watatumia walichopata. Kwenye gari alinishika mkono akauliza, "Unadhani jina wataliweka?" Nikasema wataliweka. Nilijua nadanganya, na sikuwa na ujasiri wa kufanya kitu kingine.

Filamu ilipotoka tulienda wanne, saa tisa alasiri, siku ya kwanza: Baba, Mama, Shangazi na mimi. Mama alivaa gauni jipya la buluu alilopelekewa asubuhi ile ile. Kwenye ngazi za ukumbi akalikanyaga kwa kisigino, pindo likafumuka robo nzima. Shangazi akatazama kola yake, akahesabu kwa kidole. Pini zilikuwepo.

Sijui nianzie wapi kuwaeleza ubovu wa kitu kile. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, lakini hawa hata usukani walibadilishana. Mchekeshaji walimpa nafasi ya baba mwenye huzuni, akalia dakika arobaini. Mama wa tuzo walimwangusha kwenye sabuni mara sita. Mwimbaji hakuimba, alikuwa bubu kwa sababu ya laana. Mtu angedhani majukumu yaligawanywa kwa bahati nasibu, halafu karatasi zikaangukia majini. Paka alifanya vizuri. Unaona watu wana vipaji vinawatoka mpaka masikioni, wanahangaika, wanakutazama kwenye skrini kama wanaokuomba samahani, na watoto ukumbini wanaulizana nani ana maji.

Na Bibi? Bibi walimtengeneza kwa kompyuta. Alikuwa na urefu wa mlango na nusu, moshi wa zambarau, meno ya kutosha familia nzima. Akatokea jikoni, akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa mchanganyiko wa simba, treni na mtu anayesukutua koo. Mtoto wa mbele yetu akapiga miayo. Kisha Bibi akaanza kueleza kwa nini hana raha. Utoto wake. Ndoa yake. Shamba alilodhulumiwa. Alieleza dakika kumi na moja, nilihesabu. Bibi wa kwanza hakuwa na historia. Alikuwa anachukia vyombo vichafu, kila mtu akamwelewa.

Dakika ya tano ya maelezo yale Shangazi akainama. Nilidhani analia. Kumbe amechoka kutazama, ameamua afanye kazi. Akapiga magoti kati ya viti, akaziweka pini zote mdomoni, akalishika gauni la Mama, akaanza kulipinda kwa giza, kwa vidole tu. Mama alisogeza mguu. Mzimu halisi amepiga magoti anapinda pindo la mtu aliyemkimbiza, na kule juu mzimu wa bandia anasimulia habari za shamba. Ile ndiyo ilikuwa picha bora niliyoiona alasiri ile.

Hatimaye ikaisha. Taa zikawaka nusu, watu wakaanza kunyanyuka wakikung'uta bisi, hakuna aliyecheka wala aliyeogopa. Sisi tulibaki. Majina yalianza kupanda. Shangazi alikuwa bado magotini, ameinua kichwa tu, pini zilizobaki tatu mdomoni. Mama alitazama skrini kwa makini, mkono kwenye mkoba. Mama wa tuzo akapita. Mchekeshaji akapita. Paka akapita na mstari wake, na chini yake mwalimu wa paka. Waliohudumia juisi walipita, pamoja na juisi yenyewe. Nilimwonea huruma Shangazi.

Kisha skrini ikawa nyeusi, yakatokea maneno peke yake katikati. Yalikaa sekunde tatu nzima.

*Bibi: Yeye Mwenyewe.*

Nadhani walifikiri wanamheshimu mwongozaji wa zamani.

Shangazi aliyatazama. Kifua chake kikajaa. Ikaanzia puani, ikashuka taratibu, na ndani yake zilikuwamo zile dakika kumi na moja, na meno, na moshi wa zambarau, na kijiti cha plastiki, na miaka ishirini na saba.

"Mmh."

Haikuwa kubwa. Ilikatika ghafla kama kawaida yake.

Ukumbi uliganda. Bwana mmoja mwenye tai aliacha bisi zote zimwagike juu ya mke wake. Mtoto aliyekuwa anapiga miayo alijificha nyuma ya kiti, akachungulia, macho yanang'aa. Mwanamke wa safu ya mbele, wa umri wa kati, alijishika kifua akaangua kicheko na kupiga kelele kwa pamoja, akamvuta binti yake.

"Hiyo ndiyo! Mwanangu, hiyo ndiyo niliyokuwa nakwambia! Nani? Nani amefanya hivyo?"

Nikageuka kumtafuta Mama kwenye kiti chake. Hakuwepo. Alikuwa ngazi ya nne kuelekea mlangoni, anahema, pindo la gauni nusu limepindwa nusu linaburuta, mguu mmoja peku. Kiatu chake kilikuwa kimebaki pale pale alipokuwa amekaa, mbele ya magoti ya Shangazi.

Watu wote walimtazama. Angeweza kusema alikuwa anakwenda chooni. Nilikiona kisingizio hicho kikifika midomoni mwake, tayari. Jina halikuonekana kwenye skrini, mkataba ulikuwa upande wake. Baba alitafuta bomba, ukumbi mzima hapakuwa na bomba. Mama akatazama mguu wake, kisha akamtazama Shangazi kule chini, ambaye hakuwa na ushindi wowote usoni. Alikuwa anasubiri tu, vile vile anavyosubiri akikabidhi gauni.

"Ndiye huyu," Mama akasema, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Bibi ndiye huyu hapa, yule wa kwanza, ni wifi yangu. Ameshanikimbiza mara mbili sasa." Akashuka ngazi moja akanyoosha mkono. "Haya, nipeni kiatu changu."

Shangazi alikuwa ameshakiokota. Alikipangusa kwa kiganja, akakigeuza, akaona kisigino kilivyolika upande mmoja. Pini tatu zilikuwa bado mdomoni, na ukumbi mzima ulinyamaza kumsikiliza.